Gitaa Lisilo na Mkono: muziki wa ambienti wenye huzuni unavyotengenezwa na mtu mmoja

Mpigie mtu yeyote wa Mwanjelwa, Mbeya, dakika tatu za muziki wa ambienti, swali lake la kwanza litakuwa: biti inaingia lini? Haiingii. Hakuna biti, hakuna kiitikio, mara nyingi hakuna hata mwimbaji. Gitaa unaambiwa lipo, lakini hulisikii likiwa gitaa. Kuna sauti pana tu, inapanda na kushuka taratibu, na baada ya muda unajikuta umekumbuka watu ambao hukupanga kuwakumbuka.

Wengi humaliza mjadala hapo kwa kusema ama huo ni muziki wa Wazungu, ama kompyuta ndiyo imefanya kazi yote. Kila kauli ina ukweli wake mdogo, ila zote mbili zinaruka jambo lenyewe. Muziki huu una ufundi, na ufundi wake unaelezeka. Kwa jinsi ninavyouelewa mimi, kila hatua ya kuutengeneza inaondoa mkono wa mpigaji. Ukifuatilia mkono unavyoondoka, utaona na huzuni inakotokea.

Pigo linapokatwa

Tuanze na uzi. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa lililofungwa kwa kawaida hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde, na mwembamba kuliko yote kama mara 330. Kwenye gitaa la umeme, chini ya nyuzi kuna pikapu (si gari), yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukicheza juu yake, usumaku unavurugika na umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya waya. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya au kwenye kompyuta.

Kila noti ya gitaa ina pigo la mwanzo na ina mkia. Pigo ni ile "ta!" ya kidole au kipande cha plastiki kugusa uzi, na halichukui hata sehemu ya kumi ya sekunde. Mkia ni kile kinachobaki kikilia hadi kufa, labda sekunde nne, labda nane. Sikio hutambua ala kwa kutegemea sana lile pigo. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio wa Paris, alirekodi kengele kisha akaukata mwanzo wa mlio wake. Kilichobaki hakikusikika tena kama kengele.

Mpigaji wa ambienti hufanya vivyo hivyo kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia. Gitaa la umeme lina kitufe cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha sauti. Anakifunga kabisa, anapiga uzi ukiwa kimya, halafu anakifungua polepole kwa kidole hicho hicho huku vidole vingine vikijiandaa kwa noti inayofuata. Pigo limepita bila kusikika, na kinachotoka ni mkia peke yake, unaochomoza kutoka kimya na kukua. Asiyejua atakwambia ni fidla, au ni kinanda cha kanisani. Wengine hutumia pedali ya mguu kwa kazi hiyo, na wengine wana EBow, kifaa kidogo cha kushika mkononi kinachotetemesha uzi kwa sumaku bila kuugusa, noti ikaendelea kulia kwa muda wote utakaokishikilia.

Mtu aliyekulia kwenye muziki wa dansi lazima ashtuke. Sikiliza gitaa la solo la Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz: utamu wake umo kwenye pigo. Kila noti imetamkwa, imekatwa mahali pake, unaweza karibu kuviona vidole. Alichokinoa Mbaraka maisha yake yote ndicho anachokitupa mpigaji wa ambienti. Simsemi vibaya huyu wa pili, ila mtu akiniambia kwamba gitaa ni gitaa tu, namkatalia.

Kwa anayerekodi huku kwetu kuna jambo la baridi pia. Asubuhi ya Julai pale Uyole, au kule Makete ambako jalidi huonekana juu ya majani, nyuzi za chuma husinyaa, zinakaza, na sauti inapanda kidogo. Ukirekodi tabaka la kwanza alfajiri na la pili saa nane mchana bila kufunga nyuzi upya, hayatalingana. Kwenye kwaya hilo ni kosa la kuitwa mbele. Kwenye ambienti linaweza kuwa ndilo pambo lenyewe. Noti mbili zikitofautiana mtetemo mmoja kwa sekunde, tuseme 220 na 221, sikio halisikii noti mbili bali moja inayovimba na kunywea mara moja kila sekunde. Ule mwendo kama wa kupumua unaousikia kwenye muziki huu mara nyingi ni huo.

Sauti inayojirudia bila mpigaji

Hatua ya pili ndiyo inayowachanganya wengi, kwa hiyo tukae hapo.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukipiga kelele mbele ya jabali lililo mita 170 kutoka uliposimama, mwangwi utakurudia baada ya sekunde moja. Dilei ni jabali la bandia: kifaa kinachoshika sauti, kinasubiri muda uliokipangia, kisha kinairudisha ikiwa dhaifu kidogo. Zamani kazi hiyo ilifanywa na tepu. Mwaka 1973 Waingereza Brian Eno na Robert Fripp walitoa albamu iliyotengenezwa kwa tepu rekoda mbili: ya kwanza inarekodi gitaa, mkanda unavutwa hadi ya pili inayousoma, na kilichosomwa kinarudishwa kwenye ile ya kwanza kirekodiwe tena. Fripp alipiga noti, ikamrudia baada ya sekunde kadhaa, akaongeza nyingine juu yake, na hivyo hivyo hadi mtu mmoja akawa kundi zima. Leo kazi hiyo inafanywa na pedali inayoenea kiganjani, au na plagini, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya programu ya kurekodia.

Dilei ina mambo matatu ya kupanga: muda wa kusubiri, idadi ya marudio, na kiasi cha kuchanganya na sauti halisi. La katikati ndilo lenye siri. Tuseme kila marudio yanarudi na nusu ya nguvu ya yaliyotangulia: nusu, robo, thumuni. Ukifika marudio ya kumi umebaki na sehemu moja ya 1,024, na kwa sikio la kawaida hapo noti imekufa. Punguza upotevu, irudi na asilimia 90, itaishi muda mrefu sana. Irudishe na asilimia 100 haitakufa kamwe, na ukivuka hapo itakua yenyewe hadi ipige ukelele na jirani agonge ukuta.

Tepu ilikuwa na udhaifu mmoja. Kila mzunguko uliila ile sauti nyembamba ya juu, hivyo marudio yalizidi kufifia na kuwa mazito. Watengenezaji wa dilei za kidijitali waliuondoa udhaifu huo, kisha wanamuziki wakauomba urudishwe, na leo karibu kila pedali ina sehemu ya kuuiga. Sababu iko kwenye sikio. Sauti inayopungua nguvu tu bado inasikika iko pale pale. Inayopungua nguvu na kupoteza makali inasikika inaondoka, kwa sababu ndivyo mtu anavyosikika akienda mbali huku anaongea.

Lupu ni ndugu wa dilei. Unarekodi kipande, kinajirudia hadi ukisimamishe. Prodyuza wa bongofleva anaitumia kila siku, na lupu zake zote zina urefu mmoja au zinagawanyika sawasawa, ndiyo maana kichwa kinatikisika. Wa ambienti anazipa urefu usiogawanyika. Chukua daladala tatu zinazotoka Kabwe kwa wakati mmoja, kila moja na njia yake ya kuzunguka na kurudi: zitapishana kituoni kila mara kwa namna nyingine, na kukutana zote tatu pamoja ni nadra. Weka lupu ya sekunde 7, ya sekunde 11 na ya sekunde 13, uziachie kwa pamoja. Hazitarudi mahali zilipoanzia hadi zipite sekunde 1,001, yaani dakika 16 na sekunde 41. Noti labda ni sita tu, lakini msikilizaji hausikii muziki ukijirudia. Eno alitumia hesabu ya aina hiyo kwenye albamu yake ya 1978 iliyokusudiwa viwanja vya ndege. Kwenye kipande chake kimoja cha sauti za watu, lupu moja ilijirudia kila sekunde 23 na nusu, nyingine karibu kila sekunde 26, nyingine karibu kila sekunde 30.

Hapo mpigaji anaweza kuinuka akachemshe chai. Muziki unaendelea, na akirudi na kikombe chake anausikia kama mgeni, kwa sababu mpangilio unaopita wakati huo hakuupanga yeye.

Chumba ambacho hakipo

Wengi huidhania rivabu kuwa ndiyo dilei, lakini kazi yake ni nyingine. Dilei hurudisha nakala zinazohesabika. Rivabu ni maelfu ya nakala ndogo zinazogonga kuta, dari na sakafu kwa pamoja hadi zinakuwa wingu moja. Hupimwa kwa muda ambao sauti huchukua kushuka desibeli 60, yaani hadi karibu isisikike. Sebule yenye makochi na mapazia haifiki sekunde moja, wakati kanisa kubwa la matofali hufika sekunde kadhaa. Mwaka 1988 mwanamuziki Mmarekani Pauline Oliveros alishuka na wenzake kwenye tangi tupu la maji lililo chini ya ardhi, jimbo la Washington, ambako mwangwi ulidumu sekunde 45, wakarekodi humo. Kwenye matangi ya zamani ya mafuta huko Uskoti imewahi kupimwa sauti nzito iliyochukua sekunde 112 kufa.

Rivabu ya kununua si lazima. Kuna aina inayonakili mahali halisi: unaingia kwenye ukumbi ukiwa mtupu, unapasua puto, unarekodi mlio wake hadi mwisho, kisha programu inatumia rekodi hiyo kuipa sauti yoyote chumba kile. Nyanda za Juu Kusini hatukosi mahali pa kufanyia hivyo. Kuna makanisa ya misheni ya zamani, kuna matangi ya zege, kuna ukumbi wa stesheni ya TAZARA pale Mbeya. Ila omba ruhusa kwanza. Puto likipasuka stesheni bila taarifa, maelezo utakayoyatoa hayatahusu muziki.

Kwa suala la huzuni, hapa ndipo penye uzito. Miili na nguo za watu hunyonya sauti. Mwalimu yeyote wa kwaya anajua kwamba kanisa lililokuwa likirudisha sauti Jumamosi jioni wakati wa mazoezi, Jumapili likijaa waumini linakauka. Kwa hiyo mwangwi mrefu unalipatia sikio taarifa mbili kwa wakati mmoja: mahali hapa ni pakubwa, na ndani yake hakuna watu. Mwanamuziki hakuimba neno hata moja la upweke. Ameuweka kwenye vipimo vya chumba.

Upande wa umeme

Chini ya sauti ya gitaa kwa kawaida kuna sintesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme, ya kweli au ya ndani ya kompyuta, inayoshikilia noti moja au mbili nzito kwa dakika nyingi. Kinachoizuia isichoshe ni filta, yaani kichujio cha sauti, inayofunguka na kufunga polepole mno, labda mzunguko mmoja kila sekunde kumi. Wapo wanaochukua rekodi ya gitaa na kuikatakata vipande vya sehemu ndogo sana za sekunde, kisha kuvimwaga upya bila mpangilio. Kompyuta inaweza hilo kwa sababu kwayo sauti ni tarakimu tu, tarakimu 44,100 kwa kila sekunde. FL Studio, programu ya kutengenezea muziki ambayo nusu ya studio za mitaani wanayo, inatosha kabisa kwa mengi ya haya. Audacity, programu ya kurekodia, ni ya bure.

Halafu kuna sauti za mahali. Mvua ya Tukuyu juu ya bati inashawishi sana, na inaharibu rekodi nyingi, kwa sababu imejaza kila kona ya sauti, toka nzito hadi nyembamba, na inafunika chochote ulichoweka pamoja nayo. Irekodi kutoka chumba chenye dari ya mbao, simu ikiwa juu ya godoro, kisha ondoa sehemu ya juu kwa filta hadi ibaki ngurumo ya mbali.

Umeme wetu nao una noti yake. Unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na pikapu huudaka kutoka kwenye nyaya za ukutani na kuugeuza mvumo, ambao uko juu kidogo ya noti ya sol ya chini kwa anayeimba kwenye ufunguo wa do. Rivabu ya sekunde 20 huufanya mvumo huo uwe mkubwa kama lori. Wakati mzuri kabisa wa kurekodi gitaa la umeme nyumbani, basi, ni pale umeme unapokatika na laptop ina chaji.

Huzuni ya nani?

Waliopita kwenye kwaya wanajua njia ya mkato: muziki wa furaha hukaa nyumbani kwa do, wa majonzi hukaa kwa la. Tofauti ni ndogo mno. Kutoka do hadi mi kuna hatua nne ndogo, kutoka la hadi do kuna tatu. Lakini sikiliza ambienti kwa makini utakuta kwamba mara nyingi ile noti inayoamua furaha au majonzi haipo kabisa. Kuna la na mi, na juu yake re au ti imening'inia bila kushuka. Kwa hiyo ufunguo peke yake hautoshi kuieleza huzuni hii.

Kinachobaki ni mwendo wa polepole, sauti ya chini, upole, na mteremko, ambazo ni dalili zile zile za mtu anayeongea akiwa na huzuni. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa Wamafa wa milimani kaskazini mwa Kamerun, ambao hawakuwa wamezoea muziki wa Magharibi. Walipopigiwa vipande vya muziki huo waliweza kutofautisha vya furaha, vya huzuni na vya hofu kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Mtu anaweza kuchukua hilo na kusema basi, huzuni ni ya polepole dunia nzima.

Mimi nasita, na kinachonisitisha kinatoka hapa hapa Rungwe. Miaka ya 1930 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa na kuandika kwa kirefu juu ya mazishi yao. Wanawake walilia, na wanaume walicheza kwa ngoma nzito na mikuki, kwa nguvu na jasho, hadi mwisho wa siku palikuwa na kitu kinachokaribia shangwe. Wachezaji walieleza kwamba mioyoni mwao mlikuwa na vita. Huwezi kusema watu hao hawakuwa na huzuni. Walikuwa nayo, ila ilikuwa ya umati, na umati unahitaji mapigo ya kuufungia pamoja.

Kwa hiyo nadhani swali la biti ni swali zuri kuliko linavyochukuliwa. Biti ni mahali pa kuingilia watu wengine, pa kupiga makofi, pa kuitikia, pa kuweka mguu. Ambienti imetoa pigo la kidole, ikatoa mpigaji, ikatoa watu chumbani, na mwisho haikuacha mlango wa mtu wa pili. Huzuni yake ni ya mtu mmoja mwenye spika za masikioni, usiku, kwenye chumba cha kupanga pale Isanga au Kihesa. Ukiipeleka msibani haitafanya kazi, na kwaya ya msibani nayo haitamfaa yule wa Isanga saa nane za usiku.

Wala mtu mmoja na nyuzi zake si jambo geni Iringa. Wahehe wana ligombo, ubao uliochimbwa na kufungwa nyuzi juu yake, na kibuyu cha kukuza sauti. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alilirekodi alipopita Tanganyika mwaka 1950. Mpigaji wake alikuwa peke yake pia, akirudia mzunguko mmoja wa noti kwa muda mrefu. Lakini aliimba maneno, na mbele yake walikaa watu wanaoyajua anayoyataja. Kijana wa leo mwenye pedali anayo nusu ya kwanza ya kazi ile. Nusu ya pili sidhani kama anaihitaji, ingawa ningependa mmoja wao ajaribu kuingiza ligombo kwenye dilei tusikie.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, kwa sababu zenyewe ni kidogo. Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki ulioingia Tanzania mwaka 2021, huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi. Kipande cha dakika 16 na sekunde 41 kinahesabiwa mara moja, sawa na wimbo wa dakika mbili. Matokeo yake wengi hukikata vipande saba au nane, kila kimoja na jina lake, lupu zikakatwa kabla hazijakutana. Bandcamp, mtandao wa kuuzia muziki, hawana habari na urefu: msikilizaji hununua albamu nzima, wao huchukua asilimia 15 ya bei, na kipande kinabaki kizima. Kwa muziki wa aina hii ningeanzia huko, baada ya kupita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili kazi.